Mashine Haikuwa Imeharibika

Ndugu zangu, wauguzi wenzangu, na nyinyi mliokuja hapa kwa sababu mnaumwa au mna mtu wenu anayeumwa na hajapata jina la ugonjwa wake: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie dalili na utambuzi wa ugonjwa wa Takayasu. Nitaanza na mashine ya kupimia presha niliyoituhumu bure.

Nilikuwa na miaka michache tu kazini. Asubuhi moja alikuja dada wa miaka 24, mwembamba, anatembea mwenyewe, hana homa. Nikamfunga mkanda mkono wa kushoto. Mashine ikajaza upepo, ikatoa, ikajaza tena, ikaonyesha alama ya kosa. Nikarudia, kosa. Nikabadilisha betri, kosa. Nikaenda chumba cha pili nikaazima mashine nyingine, nayo ikakataa. Foleni ilikuwa ndefu, watu wamechoka kusubiri. Nikauhamishia mkanda mkono wa kulia na namba ikatoka mara moja: 138 kwa 84. Nikaiandika kwenye kadi, nikamwita anayefuata. Jioni, kabla ya kutoka zamu, nikaandika kwenye daftari la vifaa kwamba mashine mbili zinahitaji matengenezo.

Mashine zilikuwa nzima. Mkono wa kushoto wa yule dada ndio uliokuwa hauna mapigo. Nilikuwa nimeushika, nimeugeuza, nimeufunga na kuufungua mara nne, na sikuweka vidole vitatu chini ya kidole gumba chake nikasikiliza. Ilipita miezi minane kabla mtu mwingine, mahali pengine, hajaviweka vya kwake.

Tangu siku nilipopata habari hizo sijaacha kulizungumza jambo hili kila ninapopewa nafasi. Ugonjwa wa Takayasu ni nadra kweli: tafiti nyingi zinahesabu wagonjwa wapya mmoja au wawili, wakati mwingine hata pungufu ya hapo, katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Wengi wenu mtafanya kazi mpaka mstaafu bila kumwona hata mmoja. Lakini anayekuja mbele yako hajui kwamba yeye ni nadra. Yeye anajua mkono wake umechoka.

Tuuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Damu ikitoka kwenye moyo huingia kwenye mshipa mkuu uitwao aota. Aota hupanda, ikapinda kama mpini wa bakora, kisha ikateremka kifuani hadi tumboni. Pale kwenye kipinda hutoka matawi yanayokwenda shingoni na mikononi. Huko chini hutoka yanayolisha figo, utumbo na miguu. Takayasu hushika aota hiyo na matawi yake makubwa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia ukuta wa mshipa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hiki kimeingia ndani zaidi ya nguo.

Ukuta wa mshipa una tabaka tatu. Shambulio huanzia nje, kule zinakopita njia ndogondogo za damu zinazoulisha ukuta wenyewe, kisha huenda ndani. Ukuta unavimba, unanenepa, na ukija kupona unaacha kovu. Tundu la kupitisha damu linazidi kuwa jembamba mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, mpaka pengine linaziba kabisa. Kwa wengine ukuta hulegea badala ya kunenepa, ukatuna kama mpira ulioingiwa na upepo mahali pamoja, na hapo hatari ni kupasuka.

Sasa sikilizeni sehemu hii, maana ndiyo inayoeleza kwa nini nilikosea na kwa nini wengi wanakosea. Kwa kuwa njia inaziba polepole, mwili hujitafutia michepuko. Vimishipa vya begani na shingoni hutanuka na kupeleka damu mkononi kwa kuzunguka. Ndiyo maana mkono usio na mapigo unaweza kuwa na joto lake, na rangi yake, na ukashika kalamu ukaandika vizuri kabisa. Kwa mgonjwa hiyo ni neema. Kwetu sisi tunaomtazama ni mtego, kwa sababu macho hayaoni chochote.

Wanaopata ugonjwa huu wengi ni wanawake, kati ya asilimia 80 na 90 katika tafiti nyingi, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 40. Wanaume wanaupata. Watoto wanaupata, na kwao huchelewa kujulikana zaidi. Hauambukizi. Haukuletwa na kitu alichofanya mgonjwa au alichoacha kufanya. Wataalamu wamegundua kwamba baadhi ya watu huzaliwa na alama fulani za kinga zinazowaweka karibu zaidi na ugonjwa huu, hasa ile iitwayo HLA-B52 iliyochunguzwa sana Japani, lakini walio wengi wenye alama hiyo hawaugui kamwe.

Sasa tuje kwenye dalili. Vitabu vya zamani hupenda kuzigawa katika vipindi viwili, cha kuvimba na cha kuziba. Mgawanyo huo unasaidia kufundishia, ila wagonjwa hawaufuati. Wengine hawakumbuki kabisa kipindi cha kwanza, na wengine viwili hivyo huwajia pamoja.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu ya mwanzo ya Takayasu hufanana na ya mvua nyingine zote. Homa ndogo za jioni. Jasho la usiku. Uzito kupungua. Viungo kuuma bila kuvimba. Na uchovu, jamani, uchovu ambao mtu anashindwa hata kuueleza; anasema tu "sijisikii vizuri," na siku nyingine anarudi kusema hivyo hivyo. Akipimwa damu ataonekana amepungukiwa kidogo. Atapewa vidonge vya kuongeza damu. Akirudi tena ataambiwa ana msongo wa mawazo, hasa akiwa mwanamke kijana, na neno hilo likishaandikwa kwenye faili kila anayefuata hulisoma kabla hajamsikiliza mgonjwa. Naomba tuliogope kuliandika neno hilo mapema.

Wapo pia wanaolalamika shingo inauma upande mmoja, hasa ikiguswa. Huangaliwa koo, hupewa dawa za tonsili, na maumivu hubaki. Mshipa mkubwa wa shingoni, ule unaopeleka damu kwenye ubongo, unaweza kuuma ukivimba. Kwa hiyo shingo ikiuma na koo likawa safi, gusa mshipa wenyewe taratibu, muulize kama ni hapo.

Halafu huja dalili za damu kutofika. Mkono ndio mwalimu wangu mkubwa hapa. Mgonjwa akichana nywele, akianika nguo, akiandika ubaoni, yaani kazi yoyote ya kuinua mkono na kuurudiarudia, mkono unakuwa mzito, unauma, unapoteza nguvu. Akiushusha akapumzika dakika chache, unarudi. Maumivu ya mshipa ulioziba yana ratiba: huja na kazi, huondoka na mapumziko. Maumivu ya neva au ya bega lililoumia hayafuati ratiba hiyo. Lakini mgonjwa hatakuletea maelezo hayo yamepangwa hivyo. Atasema "mkono unakufa ganzi," au "mkono huu umekuwa mvivu." Ni juu yako kumuuliza: unapofanya nini? Unadumu muda gani? Ukipumzika inakuwaje? Yule dada wangu, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amehamia kuchana nywele kwa mkono wa kulia peke yake, akiinamisha kichwa kuufuata. Alidhani ni uvivu.

Kichwani, damu ikipungua, mtu hupata kizunguzungu akisimama, giza linapita machoni, wengine huzimia. Wengine hupata kiharusi. Kiharusi kwa mtu wa miaka 25 hakitoshi kuandikwa hivyo tu na kufungwa faili. Kinadai tuulize mishipa yake ikoje. Moyoni, ugonjwa unaweza kugusa mishipa inayoulisha moyo wenyewe ukaleta maumivu ya kifua, au ukatanua mwanzo wa aota hadi mlango wake usifunge vizuri, damu ikawa inarudi nyuma. Tumboni, mshipa wa utumbo ukibanwa, maumivu huja baada ya kula. Na mshipa wa figo ukibanwa, figo hudhani mwili mzima umepungukiwa damu, likaamuru presha ipande. Presha ya namna hiyo kwa kijana haishuki kirahisi kwa dawa za kawaida, na kila mwezi inapoachwa inaumiza moyo na macho.

Mnaniuliza jina limetoka wapi. Mwaka 1908, katika mkutano wa madaktari wa macho wa Japani uliofanyika Fukuoka, profesa Mikito Takayasu kutoka Kanazawa alieleza habari za mwanamke kijana ambaye ndani ya macho yake aliona jambo la ajabu: vimishipa vya nyuma ya jicho vilikuwa vimeungana na kufanya duara, kama shada, kuzunguka mahali neva ya jicho inapoingilia. Yeye alieleza alichokiona, na alikiona vizuri. Lakini katika mkutano huo huo wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, walisimama wakasema nao wana wagonjwa wenye macho ya namna hiyo, tena wagonjwa wao hawana mapigo kwenye kifundo cha mkono. Madaktari wa macho hao! Walikuwa wamewashika wagonjwa mikono. Leo tunajua kwamba lile shada lilikuwa mchepuko wa damu, jicho likijitafutia njia kwa sababu mishipa ya shingo imeziba, na kwamba jicho na mkono vilikuwa vinasimulia habari moja. Mwaka 1951 Wajapani wengine wawili, Shimizu na Sano, waliuandika ugonjwa huu kwa kirefu na kuuita ugonjwa wa kukosa mapigo. Binafsi nalipenda jina hilo kuliko la profesa, bila kumvunjia heshima, kwa sababu linamwambia muuguzi cha kufanya.

Basi tufanye. Wote mlio hapa, wekeni vidole vitatu vya mkono mmoja kwenye kifundo cha mkono wa pili, upande wa kidole gumba. Visibonyeze sana, ukibonyeza sana unauziba mshipa na unaanza kusikia mapigo ya vidole vyako mwenyewe. Mmepata? Sasa badilisheni upande. Kwa mgonjwa, mshike vifundo vyote viwili kwa wakati mmoja, mkono wako wa kulia kwa wake wa kushoto na kinyume chake. Ukishika kimoja leo na kingine kesho hutajua. Ukivishika pamoja, tofauti inajitangaza: huku panadunda, huku panateleza tu, au pamechelewa, au pamenyamaza. Kisha panda kwenye kiwiko. Kisha shingoni, upande mmoja kwanza na mwingine baadaye, kamwe usibane pande mbili pamoja. Kisha kinena na miguu.

Mwenye stetoskopu aiweke juu ya mtulinga na chini yake, shingoni, na tumboni kando ya kitovu. Mshipa mzima uko kimya hapo. Mshipa uliobanwa hutoa mvumo, kama upepo unaopenya kwenye ufa wa mlango, unakuja na kila pigo la moyo. Mvumo huo shingoni au chini ya mtulinga kwa mtu wa miaka ishirini na kitu haupaswi kupita bila kuandikwa.

Halafu presha, mikono yote miwili, mgonjwa ameketi ametulia, mkanda unaomtosha. Tofauti ndogo ipo kwa watu wengi wazima wa afya, hivyo namba mbili au tano zisikutie hofu. Ikifika 10 rudia. Ikifika 20 na ikabaki hivyo kila unaporudia, umeshika jambo. Na mashine ya kielektroniki, nilikuja kujifunza, husoma mtetemo wa ukuta wa mshipa. Pasipo na mapigo haina cha kusoma. Ikikataa mkono mmoja na kukubali mwingine, imeshakupa jibu. Kilichobaki ni wewe kulipokea.

Kuna mtego mwingine mbaya kuliko ule wangu, na huu unaua. Fikiria mgonjwa ambaye mishipa ya mikono yote miwili imebanwa. Unapima kushoto, 90 kwa 60. Unapima kulia, 92 kwa 60. Zinalingana vizuri. Unamwambia presha yako iko chini, kunywa maji ya kutosha. Kumbe ndani ya aota presha ni 190, inaupiga moyo na figo na ubongo, na mikono haiwezi kuionyesha kwa sababu damu inaifikia kwa mchepuko. Kwa hiyo mtu akiwa na mapigo hafifu mikono yote, pima mguuni. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyelala, presha ya juu ya mguuni hulingana na ya mkononi au huizidi kidogo. Ikizidi sana, amini mguu. Na dalili nyingine zitakusaidia kuamini: moyo uliopanuka, macho yenye madhara ya presha, mkojo wenye protini kwa mtu ambaye kadi yake yote inasema presha iko chini.

Daktari atakayempokea atafanya nini? Ataomba vipimo vya damu, hasa ESR na CRP, vinavyoonyesha kwamba kuna kuvimba mahali fulani mwilini. Mahali gani, havisemi. Na nawasihi mkumbuke hili: vinaweza kutoka sawa kabisa ilhali ukuta wa mshipa unaendelea kuharibika. Hakuna kipimo cha damu cha Takayasu. Mgonjwa akija na karatasi iliyoandikwa "kawaida," na mkono wake hauna mapigo, karatasi haiwezi kuushinda mkono. Wala hatuwezi kukata kipande cha aota tukipeleke maabara kama tunavyokata uvimbe wa ngozi.

Ndiyo maana picha ndiyo inayomaliza ubishi. Altrasaundi ya shingo ni rahisi na haina mionzi. Ukuta wa mshipa ulioshikwa huonekana mnene pande zote, tundu katikati, na madaktari wenyewe huiita alama ya makaroni. Lakini altrasaundi haioni vizuri aota ya kifuani. CT ya mishipa, ile ya kuchomwa dawa ya rangi, inaonyesha ramani nzima: wapi pamebanwa, wapi pameziba, wapi pametuna. MRI, picha ya sumaku, inaonyesha hayo na unene wa ukuta bila mionzi, na kwa kijana ambaye atapigwa picha miaka mingi ijayo hilo ni jambo kubwa. Palipo na PET, picha ya kuchomwa dawa yenye mionzi kidogo, inaonyesha sehemu ya ukuta inayowaka sasa hivi, si kovu la zamani.

Wakati picha zinasubiriwa, daktari mzuri anajiuliza kama si kitu kingine. Kifua kikuu ndicho kinachochanganya zaidi: homa za jioni, jasho, kukonda, ni vile vile, na kifua kikuu nacho kinaweza kushika aota, ingawa mara nyingi zaidi huiachia matundu na uvimbe kuliko kuibana. Wapo wagonjwa wa Takayasu waliowahi kupewa dawa za kifua kikuu kabla ya kujulikana. Kaswende ya muda mrefu hutanua aota. Wapo waliozaliwa na aota iliyobanwa. Mafuta kwenye mishipa huziba pia, ila hayo ni ya umri mkubwa. Na akiwa amevuka miaka 50, anaumwa kichwa upande wa panja, taya linachoka akitafuna, macho yanaanza kufifia ghafla, huyo fikirieni ndugu mwingine wa ukoo huu, ugonjwa wa seli kubwa za ateri, na huyo hasubiri hata kesho, kwa sababu anaweza kupofuka.

Kuna orodha za alama za kuuainisha ugonjwa huu ambazo mtazikuta. Ya mwaka 1990 ya chuo cha wataalamu wa baridi yabisi wa Marekani ilikuwa na vipengele sita, na vitatu vilitosha. Mpya ya mwaka 2022, waliyoitunga pamoja na wenzao wa Ulaya, inataka kwanza umri wa miaka 60 au pungufu ugonjwa unapotambuliwa na picha inayoonyesha mishipa imevimba. Kisha inagawa alama. Mapigo yaliyopungua mkononi, 2. Mvumo, 2. Mkono au mguu unaochoka kwa kazi, 2. Tofauti ya presha ya 20 au zaidi, 1. Zikifika 5, kwa kujumlisha na zile za picha, anahesabiwa kuwa na Takayasu. Orodha hizi zilitungwa ili watafiti wawe na lugha moja, si ili mtu mwenye alama 4 arudishwe nyumbani. Hata hivyo angalieni kitu kimoja: nusu ya yaliyomo yanapatikana kwa vidole, kwa masikio, kwa mkanda wa presha, na kwa kuuliza swali vizuri. Zana hizo sote tunazo.

Kuhusu matibabu nitasema machache, kwa kuwa sikuombwa hayo. Dawa ya kwanza ni steroidi, kawaida prednisoloni kwa dozi kubwa inayopunguzwa polepole, pamoja na dawa nyingine ya kutuliza kinga kama methotreksati au azathioprini. Ugonjwa ukiwa mkaidi zipo za kisasa zaidi kama tosilizumabu. Kabla ya kuanza, mgonjwa apimwe kifua kikuu kilicholala, maana dawa hizi hukiamsha. Ugonjwa hurudi mara nyingi, karibu nusu ya wagonjwa huwarudia, kwa hiyo kliniki haiishi. Upasuaji au kutanua mshipa hufanywa panapolazimu, na ikiwezekana ugonjwa ukiwa umetulia. Wewe unayetumia steroidi: usiache ghafla, hata ukijisikia mzima, hata uso ukiwa umevimba na kioo kinakukera. Naelewa kwamba kinakera. Rudi kwa daktari mpunguze pamoja.

Na akina dada, kwa sababu ninyi ndio wengi: swali la kuzaa huwa linanong'onwa mlangoni wakati wa kuondoka. Liulizeni mkiwa mmekaa. Wengi wenye Takayasu wamebeba mimba na kujifungua salama, lakini inapangwa. Methotreksati humdhuru mtoto tumboni, lazima ibadilishwe mapema. Ugonjwa uwe umetulia kwanza. Presha ifuatwe kwa karibu, na ipimwe mahali panaposema kweli.

Nilionana tena na yule dada miaka mitatu baadaye. Alikuja akiwa na mimba ya miezi mitano. Hakunikumbuka. Kwenye jalada la kadi yake, kwa kalamu nene, mtu alikuwa ameandika: MKONO WA KUSHOTO HAUPIMIKI. PIMA KULIA. Kabla sijasema neno alishakunja shati la mkono wa kulia, kama mtu aliyezoea kuwaeleza watu.

Nilimwambia ukweli. Nikamwambia ni mimi niliyemfunga mkanda mara nne siku ile, na kwamba niliandika mashine mbovu. Alinitazama kidogo, akasema, "Hata mimi nilidhani ni mashine, dada."

Nikamwomba aniruhusu niushike wa kushoto kwanza. Ulikuwa na joto, laini, kucha zimekatwa vizuri. Nikaweka vidole vitatu, nikakaa dakika nzima. Kimya. Kisha nikafunga mkanda mkono wa kulia, nikasubiri: 122 kwa 76. Nikaandika namba hiyo kwenye kadi, na mbele yake nikaandika mkono gani.